Kiti cha Bata

Maneno ya watu yalimganda fundi cherehani kama gundi ya mbao; akiyabandua huku yananata kule. Walisema mumewe seremala amemkalisha msusi wa pale kona kwenye mchanga.

Kwa mwingine si neno. Lakini seremala yule alisifika kwa viti vyake vya wanyama, vya kuchekesha watoto na kupumzisha migongo ya wazee, na hakuchonga hata kimoja kabla aliyekiagiza hajakaa kwenye sinia la mchanga mbichi, akapimwa kiuno mpaka unyayo. Ndiyo maana vilimkaa mtu kama kiatu.

"Msusi kaagiza kiti?" mke akauliza, kainamia cherehani.

"Msusi yupi?"

"Yule mrefu, wanayemwita Twiga."

"Mama watoto, na utu uzima huu bado unaokota maneno ya bombani?"

Mke akarudia kushona. Mgongo ulikuwa ukimwaka. Tangu aolewe anashonea kwenye kigoda, na kila akiomba kiti jibu ni kesho.

Siku chache baadaye wifi yake akapiga simu.

"Wifi, kaka yuko njiani na toroli, kapakia bata mwenye mabawa. Anakuletea wewe. Si nilikwambia watu waongo?"

Moyo ukamtulia. Mume akaingia na jasho lake, akatua kiti. Bata kweli: mkia ni droo, mabawa yanafunguka yanakuwa meza, na shingo ya kutundikia taa.

"Nimekutengenezea. Mkiani tia vifungo, bawani chomeka mikasi."

"Mimi?"

"Kwani nina mke mwingine?"

Akakaa. Miguu ikaning'inia kama ya mtoto aliyepakatwa. Akachomeka mkasi kwenye tundu la bawa, ukagoma. Akachomoa kitana nyweleni mwake, akajaribu nacho. Kikazama chote.

Akakichomoa, akakirudisha nyweleni.

"Baba watoto, mchangani ulinikalisha lini?"

"Nilikadiria tu."

"Wewe? Mbwa wa jirani ulimpima ndipo ukamjengea kibanda."

Seremala akajikuna shingo. "Basi nitakata miguu ya kiti. Sasa hivi tu."

Simu ya mume, aliyoiweka juu ya cherehani alipoingia, ikatetema. Mke akasoma ujumbe kwa sauti, taratibu, kama anasoma bei ya kitambaa:

"Usinirudishie hicho kiti. Nimeshakwambia naolewa. Mpe mkeo."

"Yalishakwisha hayo, mke wangu."

"Yamekwisha kwa kuwa amekukataa, si kwa kuwa umenikumbuka."

"Nisamehe."

"Nitajaribu. Ila leo sina nguvu hiyo."

Hakulia. Mtu aliyechoka halii, hutafuta pa kulala. Akashuka kwenye bata, akafunika cherehani, akachukua kigoda chake kwapani, akaenda kwa mama yake.

Bata akabaki katikati ya chumba, mabawa wazi.

Wanangu, epukeni haya:

Kumpa wa nyumbani kilichokataliwa nje.

Kumpima kila mteja, mkeo ukamkadiria.

Kumwambia kesho mtu anayeumwa leo.

Kumcheka mwenzio anapouliza.

Na kukaa kigodani miaka, ukiita uvumilivu, bila kusema mgongo unauma.