Waya Uliogeuziwa Ukutani

Kila asubuhi ya likizo ile, Nasrin alianza na ufagio. Alifagia steshenari ya mama yake mkubwa kutoka nyuma kuja mbele, akapangusa meza za kompyuta, kisha akatia udi kwenye chetezo chenye makaa na kukizungusha pembe zote za chumba. Mama mkubwa Nadhira hakuanza kazi bila udi. Alisema mteja akiingia mahali panaponukia, hata foleni haimchoshi. Kazi ya kufukiza ikiisha, Nasrin alikiweka chetezo nje barazani, makaa yafe huko.

Asubuhi hiyo alikuwa amefika mlangoni na chetezo mkononi mvua ilipomwagika ghafla kutoka upande wa baharini. Ubao wa matangazo ulikuwa nje, na maandishi yake ya chaki yalikwisha anza kuchuruzika. Nasrin alikisukuma chetezo chini ya meza ya mwisho, akaukimbilia ubao. Aliporudi, nguo zimemgandama mwilini, alinusa harufu nyingine ndani ya ile ya udi. Ilikuwa harufu ya plastiki.

Waya wa buluu uliopita chini ya meza ulikuwa umelalia ukingo wa chetezo. Ngozi yake ilikuwa imeyeyuka mahali padogo, ukubwa wa ukucha. Nasrin aliuvuta, akaupuliza kama anayepuliza kidole kilichoungua. Akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Basi akaugeuza, upande ulioungua ukaelekea ukutani, akakitoa chetezo nje na kuketi. Taa za kijani kwenye kisanduku cha mtandao zilikuwa bado zinapepesa. Alijiambia kwamba hakuna kilichoharibika.

Nasrin alikuwa ametoka kijijini Mkange mwanzoni mwa mwaka. Mama yake alipata kazi Maskati, na bibi aliyebaki naye macho yalikuwa yamemfifia, hata chumvi na sukari alizitofautisha kwa ulimi. Mama mkubwa alikwenda kumchukua. Njia nzima hadi Bagamoyo hakumwuliza neno, ila kama amekula. Walipofika alimwonyesha kitanda katika chumba cha uani, akarudi kwenye shughuli zake. Hakuna aliyemwambia Nasrin atakaa muda gani. Kwa hiyo nguo zake zilibaki kwenye begi. Alitoa ya kuvaa, akaifua, akaikunja, akairudisha na kufunga zipu. Mgeni asiyejua siku ya kuondoka hajui pia pa kutundika nguo zake.

Abdillah, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa darasa moja mbele yake. Hakuwa na ubaya, ila alikuwa na marafiki wengi na utani mwingi. "Mtu wa Mkange," alimwambia siku moja, "huko kwenu kompyuta mnaiwasha kwa kiberiti?" Wenzake walicheka, wakaenda zao uwanjani. Hawakumwita.

Aliyezungumza naye hasa alikuwa mmoja tu, dada Adila, fundi kijana aliyeunganisha kompyuta za steshenari ile. Siku alipokuwa akizitandaza nyaya, Nasrin alimshikia tochi. Adila alimweleza kwamba kile kisanduku chenye matundu huitwa swichi, na kazi yake ni kama ya mpokeaji wa salamu kwenye shughuli: kila ujumbe hupita kwake, naye huupeleka kwa mwenyewe. Alimwonyesha kuwa ndani ya kila waya mna nyuzi nane, na kwamba lazima zipangwe kwa utaratibu mmoja kabla ya kubanwa kichwa cha plastiki. Nyeupe ya chungwa, chungwa. Nyeupe ya kijani, buluu. Nyeupe ya buluu, kijani. Nyeupe ya kahawia, kahawia. Nasrin aliyahifadhi maneno hayo kama anavyohifadhi sura madrasani. Usingizi ukimpaa kwa kumfikiria mama yake, aliyarudia taratibu mpaka macho yakafumba.

Haikupita wiki tangu siku ile ya chetezo, printa ikaanza kususa. Kompyuta ya meza ya mwisho, ambayo ndiyo iliyounganishwa na printa, ilikuwa ikipotea mtandaoni, ikirudi, ikipotea tena. Vijana waliokuja kutuma maombi ya chuo walisimama wakitazama duara likizunguka kwenye kioo. Mama mkubwa akampigia simu Adila.

Adila alikuja na mkoba wake wa vifaa. Kabla hajagusa chochote aliuliza, "Kabla ya tatizo kuanza, kuna kitu kilichobadilika humu ndani? Kilichohamishwa, kilichoanguka, au kilicholowa?"

Mama mkubwa alisema hapana. Abdillah alisema ni panya, na kwamba amewahi kumwona mmoja mkubwa kama paka. Adila akamgeukia Nasrin. Nasrin alitikisa kichwa.

Basi Adila akafanya kazi kama alivyofundishwa, kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja na kutazama matokeo. Aliichunguza kompyuta. Akahamisha waya tundu jingine la swichi. Akaupima waya kwa kipimo chake chenye taa nane, zote zikawaka, kwa kuwa wakati huo waya ulikuwa umetulia. Akabadilisha vichwa vyake vyote viwili. Mambo yakatengemaa, akaenda zake. Kesho yake mtandao ukakatika. Akarudi, akaweka swichi yake mwenyewe kwa majaribio. Ukakatika tena.

Nasrin peke yake ndiye aliyejua. Kila mteja alipoketi meza ya mwisho na kunyoosha miguu, waya ulitikisika, na kule ukutani nyuzi zilizokuwa uchi ziligusana. Mara nyingi alikaribia kusema. Lakini kila mara alilikumbuka begi lake. Limekwisha fungwa, aliwaza. Kumrudisha mtu ambaye nguo zake zimekwisha fungwa ni jambo jepesi.

Siku ya Alhamisi mwalimu Hamidu, mteja wa siku nyingi, aliondoka bila karatasi zake za mtihani, akasema atajaribu kwingine. Mama mkubwa alimsindikiza mpaka barazani akimtaka radhi. Aliporudi alizungumza kwa upole na Adila, aliyekuwa amekuja tena. Alisema kazi yake anaiheshimu, lakini wateja wanaondoka, na atatafuta fundi mwingine kutoka Dar es Salaam.

Adila alijibu "Hewala, mama," akainama kukusanya vifaa vyake. Alipomfikia Nasrin alimwekea mkononi kipande cha waya na vichwa viwili vipya. "Uendelee kujifunza," alisema. "Una mkono mtulivu."

Nasrin alivitazama vile vichwa vya plastiki mpaka vikapotea machoni kwa machozi.

"Dada Adila," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo hata Abdillah, aliyekuwa akila mlangoni, akaacha kutafuna. "Ulipouliza kama kuna kilichobadilika. Kilibadilika."

Akaingia chini ya meza kwa magoti, akaugeuza waya. Kisha akasimulia yote, mvua, ubao na chetezo.

Adila aliketi sakafuni, akaligusa lile kovu kwa kidole. "Ungeniambia siku ile," alisema, "ningemaliza kabla chai haijapoa." Hakusema kwa hasira. Alimpa Nasrin mkasi. "Haya, tuuondoe. Mpya utaufunga wewe."

Waliupitisha waya mpya juu ukutani, mbali na sakafu. Nasrin alizipanga nyuzi huku midomo yake ikisoma rangi, akabana kichwa kwa koleo. Kabla ya kupima alikitazama tena, akakitoa. "Hapa nimekosea," alisema. "Buluu na kijani zimepishana." Akakata, akaanza upya. Adila alitabasamu. Safari hii taa za kipimo ziliwaka moja baada ya moja mpaka ya nane.

Printa ikakohoa, ikaanza kutema karatasi zote ilizokuwa imezikalia, na barua moja ikatoka mara tano kwa sababu Abdillah alikuwa amebonyeza na kubonyeza. Abdillah akazikusanya akicheka. "Fundi wa Mkange," alisema, na safari hii haukuwa mzaha mtupu.

Mama mkubwa alimwomba Adila radhi mbele ya watu wote. Kisha akarudi kwa wateja wake bila kumtazama Nasrin.

Alasiri ile Nasrin alitangulia nyumbani. Alilitoa begi chumbani, akaliweka karibu na mlango wa uani, akakaa juu yake. Mama mkubwa aliporudi alisimama akamtazama.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Nilidhani utanirudisha Mkange."

Mama mkubwa alifungua zipu ya begi. Aliziona nguo zilivyopangwa, zote, mpaka ya sikukuu. Akavua ushungi, akaketi sakafuni pale pale.

"Waya umeungua, tumeubadilisha, yamekwisha," alisema. "Kilichoniuma si waya. Tulitafuta kosa kila mahali isipokuwa lilipokuwa, na nusura nimfukuze mtu asiye na hatia. Kosa likisemwa mapema ni kazi ya muda mfupi, Nasrin. Likifichwa, hulipwa na mwingine."

"Nimekosa, mama mkubwa. Nisamehe."

"Nimekusamehe."

Aliikunjua kanga moja ya Nasrin, akaikunja tena. Kisha akainuka, akalibeba begi mpaka chumbani kwake mwenyewe, Nasrin nyuma yake, akafungua kabati na kuzisogeza nguo zake upande mmoja. Alitundika gauni la kwanza, la pili, la tatu. Mgongo wake ulikuwa bado umemwelekea Nasrin alipoanza kusema.

"Na mimi nina langu nililolinyamazia. Mama yako hakuniomba nikuchukue. Mimi ndiye niliyemwomba." Akageuka. "Nilikutaka ukae na mimi, mwanangu. Si kwa likizo, wala si kwa mwaka mmoja. Nilidhani unajua, ndiyo maana sikusema."