Nafasi Katika Kaseti ya Babu

Kila siku nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuteka maji bombani pale mtaani kwetu, Bulla Pesa. Ya pili ilikuwa kuosha vyombo. Ya tatu, ambayo hakuna aliyenituma, ilikuwa kukaa kando ya redio kaseti yetu kusubiri kipindi cha nyimbo. Mwaka huo wa 1986 nilikuwa darasa la sita. Kaseti yangu ilikuwa moja tu, na ilikuwa imejaa pande zote mbili.

"Gumato, utaolewa na hiyo redio?" dada yangu Sadia alikuwa akinitania.

Kumbe anayeolewa ni yeye. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Kwa kuwa baba yetu alikuwa amefariki, babu yetu, Mzee Dadacha, ndiye aliyepaswa kumwombea dua. Lakini babu alikuwa mbali kule Biliqo, na miguu yake haikuweza tena safari ya lori. Basi akaisema dua yake kwenye kaseti, akampa Molu, dereva wa lori la mbuzi, atuletee. Mama aliisikiliza mara moja, akalia, akaifunga ndani ya leso na kuiweka sandukuni.

"Isiguswe na mtu mpaka siku ya harusi," alisema, huku akiniangalia mimi.

Nikaigusa. Mama alikuwa sokoni siku ile, na rafiki yangu Kinanu alikuwa ameniambia kwamba wimbo ninaoupenda utapigwa saa kumi. Nikaisikiliza kaseti ya babu kidogo. Alisema maneno machache, kisha kimya. Nikasogeza mbele, nikakuta kimya tena. Nikajiambia, "Aa, imebaki nafasi tele!" Vijino vya plastiki vya mgongoni mwa kaseti vilikuwa vimevunjwa, ili mtu asirekodi tena juu yake. Maana yake niliijua vizuri sana. Na dawa yake niliijua pia: unatafuna karatasi, unaziba tundu, redio inadanganyika. Nikachana ukurasa wa daftari la hesabu, nikatafuna, nikaziba, nikarudisha kaseti nyuma kwa kukisia, nikabonyeza. Nilirekodi nyimbo nne, kisha nikairudisha kaseti ndani ya leso.

Kesho yake mashangazi walikuja kupanga harusi, na mama akataka waisikie dua. Babu akasema, "Bismillahi," na papo hapo gitaa likaingia. Mashangazi wakatazamana. Mama akapeleka mbele, akarudisha nyuma. Ilikuwa gitaa tupu.

"Ni yule fundi Lochoro!" mama akapiga kelele. "Tangu aifungue redio hii kuitengeneza, sasa inarekodi yenyewe!"

Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Nikaingia, nikaanza kuwamiminia mashangazi chai.

Mama akabeba redio na kaseti, nikamfuata mpaka kwenye kibanda cha Fundi Lochoro. Wateja walikuwa wamejaa. Mama hakuwajali.

"Umeniharibia harusi ya mtoto wangu, fundi! Dua ya baba yangu iko wapi?"

Lochoro alikuwa Mturkana mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliichukua kaseti, akaigeuza mgongo juu. Uwii! Karatasi yangu ilikuwa bado imekwama tunduni, na alama nyekundu ya mwalimu ikionekana. Aliniangalia. Kisha akaifunika kwa kidole gumba.

"Pole, mama," alisema. "Labda ni mimi. Niachie niangalie."

Laiti angenitaja! Mzee wa watu alikuwa anabeba kosa langu mbele ya wateja wake, nami ninahesabu mawe ya chini.

"Mama, si yeye," nikasema. "Ni mimi. Nilirekodi nyimbo."

Hakuna aliyenipiga. Mama alimgeukia Lochoro na kumwomba radhi mbele ya watu wale wale. Jambo hilo liliniuma kuliko fimbo.

"Haiwezi kurudi?" mama akauliza.

"Ikishafutwa, imekwisha," Lochoro akajibu.

Jioni mama aliweka kaseti mpya mbele yangu. "Molu anaondoka kesho. Utamwambia babu yako kwa mdomo wako mwenyewe."

Nikabonyeza, nikayasema yote kwenye kaseti ile, machozi yakinitoka. Kaseti ilirudi siku mbili kabla ya harusi, vijino vimevunjwa.

Siku ya harusi Lochoro alikuja na redio yake kubwa. Aliijaribu kaseti kwanza, kisha akaniita pembeni.

"Babu hakuyafuta maneno yako. Yanaanza ya kwako, halafu yake. Nisogeze mbele?"

Uwanja ulikuwa umejaa. Kinanu alikuwepo, na wenzangu wa darasani pia. Nilitamani sana kusema ndiyo. Kisha nikakumbuka kile kidole gumba.

"Anzia mwanzo," nikasema.

Sauti yangu ikasikika uwanja mzima: "Babu, ni mimi Gumato. Nilikatazwa kuigusa kaseti yako, nikarekodi nyimbo juu yake. Nilifikiri kile kimya ni nafasi tupu. Fundi Lochoro amesingiziwa kwa sababu yangu. Nisamehe." Watu wote walinigeukia. Nikaziangalia ndala zangu mpaka babu alipokohoa.

"Salaam aleikum. Gumato, nimekusikia na nimekusamehe. Kitu cha mtu, hata ukikiona kitupu, uliza kwanza. Na ukikosa, sema mapema, kabla mwingine hajaaibishwa kwa ajili yako. Maneno yako sikuyafuta kwa sababu ni ya kweli. Na kile kimya, mjukuu wangu, nilikuwa nawangoja ninyi mniitikie. Haya, Sadia, Mungu akupe nyumba yenye amani."

Akanyamaza.

"Amin!" uwanja mzima ukaitikia.

"Akupe watoto wenye afya."

Akanyamaza tena. Safari hii niliinua uso, nikaitikia pamoja nao.