King'ora Kikilia, Usitoke Barazani

Mama mwenzangu, kama una mtoto, soma haya kabla hujabandika sufuria jikoni.

Kanisa letu ni la matofali, kando ya mashamba ya ngano, hapa Oklahoma. Jengo ni moja, watu ni wa namna nyingi. Wazee Wazungu waliolijenga husali asubuhi kwa Kiingereza. Sisi tuliotoka Gwatemala tunaingia wao wakitoka, tunasali kwa Kihispania. Miaka yote tulipishana mlangoni tu. "Hamjambo?" "Hatujambo." Basi.

Mwaka huu wachungaji wetu wawili wakatangaza kwamba Pentekoste tutasali pamoja na kula pamoja. Jamani, furaha ile! Kwaya mbili zikawa moja. Wiki kadhaa kabla ya siku hiyo, Jumamosi jioni, tukaanza mazoezi.

Tulikuwa katikati ya wimbo, king'ora cha mji, kile cha kuonya kimbunga, kikalia.

"Majaribio hayo," alisema mume wangu Fermín. "Si hukijaribu kila Jumamosi?"

"Hukijaribu adhuhuri, baba Yesenia. Sasa ni jioni!"

Mzee Vernon Stuckey, mwenye sauti nzito kuliko wote, akaweka kitabu cha nyimbo chini. Akachukua kikombe chake cha kahawa.

"Haya, twendeni tukakitazame hicho kimbunga!" alisema.

Ndivyo walivyo watu wa zamani wa Oklahoma. Kimbunga kikija, wao hutoka barazani kukiangalia kama watu wanaongoja harusi ipite. Na wetu, walipoona wenyeji wanatoka huku wanacheka, wakafuata. Binti yangu Yesenia, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa mbele kabisa, simu mkononi.

Mbingu ilikuwa ya kijani. Ng'ambo ya shamba, wingu lilishusha mkia mrefu mweusi. Mkia ule ukagusa ghala la nyasi, ghala likapasuka. Yesenia alikuwa ameshafika kwenye uzio, anapiga picha.

"Wewe binti! Ndani! Ndani sasa hivi!"

Aliyepiga kelele ni Dada Loretta Harjo. Yeye ni wa kabila la Wakriki, wenyeji wa asili wa Amerika, anasali na wazee, na hujitolea katika kikosi cha maafa cha wilaya. Mimi sikusubiri kuambiwa mara mbili. Nilikimbia, nikamshika Yesenia mkono, nikamburuta. Tulikuwa hatujafika mlangoni, bati la ghala likaanguka nyuma yetu. Likakata uzio pale pale alipokuwa amesimama.

Kimbunga kikageukia kaskazini.

"Dada Loretta," nilisema, "tufundishe. Leo leo."

Akatukusanya ukumbini. Yesenia akawa anatafsiri.

"King'ora kikilia saa isiyo ya majaribio, usiulize, ingia ndani," alisema Loretta.

"Si bora tupande magari tukajifiche chini ya daraja la barabara kuu?" aliuliza Fermín.

"Utakufa, kaka yangu! Chini ya daraja upepo hubanwa, ukazidi kasi. Na gari hurushwa kama kopo."

"Mama yangu alituambia tufungue madirisha, nyumba isipasuke," alisema Bi Opal, mke wa Mzee Vernon.

"Mama yako alikuwa mwema, lakini hapo alikosea. Ukifungua dirisha umemkaribisha mwizi. Kaa mbali nalo."

"Basi tutabaki humu ukumbini," nilisema.

"Hapa ndipo pabaya zaidi. Tazama juu. Paa pana, halina nguzo katikati. Tutakwenda korido ya vyoo. Iko chini, katikati ya jengo, haina dirisha. Piga magoti ukielekea ukuta. Inamisha kichwa, kinga shingo kwa mikono. Viatu viwe miguuni, maana vioo vitakuwa kila mahali. Watoto wenye kofia ngumu za besiboli wavae."

"Na anayetoa amri aitoe kwa lugha zote mbili," nilisema. "Mimi Kiingereza cha haraka hunifikia mkia tu."

Loretta akakubali. Lakini Mzee Vernon akaguna.

"Mzee mzima nijifungie chooni? Nimetazama vimbunga tangu sijaota ndevu!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

"Mzee wangu," nilimwambia, "sisi ni wageni hapa. Tunawatazama ninyi. Binti yangu alikufuata wewe barazani. Ukienda chooni, atakufuata chooni."

Mzee Vernon akamtazama Yesenia. Akakitua kikombe.

"Nifundisheni hiyo amri kwa Kihispania," alisema.

Tukafanya mazoezi ya kukimbilia koridoni, na Jumapili iliyofuata tukarudia. Watoto walipenda sana, wakadhani ni mchezo.

Pentekoste ikafika. Neno likasomwa kwa Kiingereza, kwa Kihispania, na Loretta akalisoma kwa Kikriki, mpaka nywele zikanisimama! Kisha tukaingia ukumbini. Tamali zangu za unga wa mahindi, zilizofungwa majanini, zinafuka moshi, maharage ya Bi Opal yamejaa jibini. Hata sahani hatujagawa, king'ora kikalia.

Mzee Vernon akasimama juu ya kiti.

"Ndani! Wote! Acheni chakula!" Kihispania chake kilikuwa kibovu, lakini nani asingeelewa?

Hakuna aliyekwenda barazani. Yesenia alimshika mkono Bi Opal, wakatangulia. Tukabanana koridoni, magoti kwa magoti. Taa zikazimika. Kikaja kishindo kama gari moshi linapita juu ya vichwa vyetu. Kila mtu aliomba kwa lugha ya mama yake, kwa sauti yake yote. Nilimfunika Yesenia kwa mwili wangu.

Kisha kimya.

Loretta akaita majina. Kila jina liliitikiwa.

Tulipofungua mlango wa ukumbi, tuliona mbingu. Paa halikuwapo. Meza zilirundikana kwenye kona moja, vioo vimejaa katika maharage. Tukapita polepole mpaka mbele ya kanisa. Baraza nzima ilikuwa imeng'oka. Zilibaki ngazi tu, haziendi popote.

"Babu," Yesenia alimwuliza Mzee Vernon, "tungekuwa hapo?"

Mzee akaelekeza kidole juu ya zile ngazi.

"Hapo hapo, mjukuu wangu," alisema. "Mimi na kahawa yangu, na wewe kando yangu."

Akalia bila kujificha. Bi Opal akaanza kuimba, nasi tukadakia, kila mmoja kwa lugha yake. Tuliimba pale mbele ya kanisa lisilo na paa mpaka zimamoto wakaja wakashangaa.

Mama mwenzangu, king'ora kikilia usitazame mawingu. Tazama mtoto wako yuko wapi, kisha umwite mwenzako kwa lugha anayoielewa.