Mwanamke Aliyesimama Wima

Darubini ya nyota hupindua kila kitu. Ukiilenga kwenye mti, utaona mizizi juu na matawi chini. Ukiilenga kwa mtu, utamwona ananing'inia kama popo. Kwa nyota haidhuru, maana nyota haina kichwa wala miguu. Fundi Miwani alikuwa ameizoea hali hiyo hata akaisahau, ndiyo maana jioni ile, alipochungulia akamwona mwanamke amesimama wima, kichwa juu na miguu chini kama sisi sote, hakushtuka. Alijisemea tu, "Leo picha imekaa vizuri." Kisha akatoa jicho kwenye kitundu, akajikuna shingo, na baridi ikamshuka polepole kutoka kisogoni mpaka kiunoni.

Maana anayeonekana wima ndani ya darubini ile, huko chumbani amesimama kichwa chini, nyayo zake ziko darini.

Lakini ngoja kwanza. Darubini ya nyota ilikuwa inatafuta nini chumbani mwa mtu? Hapo ndipo penye aibu, na aibu haielezwi nusu.

Huyu Fundi Miwani alikuwa na duka lake la miwani barabarani, mtu mpole, wa salamu na mzaha. Nyuma ya nyumba alijijengea kibanda cha mbao, paa lake la mabati likisukumwa juu ya reli mbili, na ndani yake darubini ndefu kuliko yeye. Mkewe alikiita kibanda kile mke mwenza. "Nenda, leo zamu yake," angesema akimpa chupa ya chai, "ila akikunyima joto usije kunigusa na hiyo miguu ya barafu." Na raha ilikuwepo, tusiseme uongo. Siku alipoiona Zohali na pete yake kwa mara ya kwanza alikimbia kumwamsha mkewe, akaja amejitanda shuka, akachungulia, akasema, "Kumbe ni kweli." Watoto wa mtaa walipanga foleni kuuona mwezi. Hata fundi cherehani mmoja, mjane wa ng'ambo ya kiwanja kitupu, aliyekuwa chanda na pete na mke wa Fundi Miwani, alikuja siku moja akachungulia, akacheka: "Shemeji, mbona mwezi una chunusi kama mimi ujanani?"

Karaha nazo zilikuwa tele. Reli zilishika kutu, paa likagoma katikati kama punda. Nyigu walijenga ndani ya bomba. Usiku wa kupatwa kwa mwezi, usiku aliousubiri mwaka mzima, umande ulikitia kioo ukungu na hakuona kitu. Halafu mawingu! Ukitaka kuyaita mawingu, nunua darubini.

Msimu ule mawingu yalikuja yakakaa. Kila jioni alisukuma paa, akatazama juu, akasonya, akalirudisha. Sasa, mwenye darubini hupaswa kurekebisha vioo vyake kwa kulenga taa ndogo iliyo mbali, na taa iliyomfaa ilikuwa ya dirisha la fundi cherehani. Akalaza bomba, akailenga, akakaza skrubu zake. Hapo angeliinua bomba, nani angemlaumu? Hakuliinua.

Uchi hakuona. Ndilo alilojifariji nalo, "Mimi sijaona uchi wa mtu," kana kwamba binadamu hana cha kusitiri ila ngozi. Alimwona mjane yule, kichwa chini miguu juu, amelikumbatia shati la marehemu mumewe, analisimulia mambo ya siku nzima. Alimwona, mteja akibisha hodi, anakwenda kwanza mbele ya kioo kujaribu tabasamu. Analifuta, anajaribu jingine, mpaka apate la kufaa, ndipo afungue mlango. Na kwa kuwa picha ilipinduka, tabasamu lile yeye aliliona kama mdomo wa mtu anayetaka kulia.

Jioni ya pili akarudi, na ya tatu. Mawingu yakaondoka, nyota zikamwagika juu ya utosi wake, na bomba likabaki limelala. Haya ndiyo yaliyokuwa yakimchoma hata yeye mwenyewe.

Ndipo akamwona yule aliyesimama wima. Alikuwa nyuma ya kiti cha mjane, gauni refu la rangi ya majivu, nywele zimenyooka kwenda juu kana kwamba zinavutwa. Fundi Miwani alirudisha jicho kwenye kitundu akiomba awe ameona vibaya. Yule mwanamke akageuka, akamwelekea yeye, akatia kidole chini ya jicho lake na kuuvuta ukope, kama mtu anayesema: nakuona. Kibandani kukajaa harufu ya nguo iliyounguzwa na pasi.

Siku chache baadaye, mchana, fundi cherehani alikuja jikoni kwa mkewe, macho mekundu. Fundi Miwani alikuwa sebuleni akifuta lenzi, na kila neno lilimfikia.

"Dada, usinicheke," alinong'ona. "Cherehani inashona yenyewe."

"Inashona nini, mdogo wangu?"

"Inaziba. Nikilaza gauni la mteja mezani, asubuhi nalikuta shingo imeshonwa, mikono imeshonwa, hakuna pa kupitisha hata kidole. Na harufu ya kuungua, pasi yenyewe iko baridi. Halafu, dada..." Sauti ikashuka zaidi. "Kuna mtu ananitazama. Nikifunga mlango ananitazama. Nikizima taa ananitazama."

"Yesu na Maria! Tangu lini?"

"Tangu yale mawingu. Wateja wamenikimbia, na mwenye nyumba kasema hataki nyumba yake iitwe ya majini, mwisho wa mwezi nitoke. Nitakwenda wapi, dada? Mle chumbani ndimo alimoniacha marehemu mume wangu."

Fundi Miwani alisimama. Alifika mpaka mlango wa jikoni, maneno yako ulimini.

"Pole na kazi, shemeji," mjane akamwambia.

"Ahsante, shemeji," akajibu, na akaomba maji ya kunywa.

Jioni hiyo aliingia kibandani akijiambia kwamba anachungulia kwa wema, kwamba safari hii ni ulinzi, na alipoinama akaisikia cherehani, si ile ya ng'ambo bali hapo hapo ndani, tak-tak-tak chini ya meza yake, ikienda polepole kama mtu anayeshona huku anafikiri, na kila alipoizuia pumzi nayo ilinyamaza, na kila alipovuta pumzi nayo ilianza, mpaka akatoka mbio bila kufunga paa, akajifunika shuka gubigubi ubavuni mwa mkewe na kusingizia homa.

Mkewe ndiye aliyemwita mganga. Huyo mganga alikuwa mtu mnene, mcheshi, na miwani iliyokaa puani kwake ilikuwa kazi ya Fundi Miwani mwenyewe. "Naona vizuri mno, bwana," alisema akimpa mkono, "umenipa macho mapya." Waliingia chumbani mwa mjane wakiwa wanne. Mganga alinusa, akapapasa kuta, akatazama darini, na mzaha ukamwisha. Palikuwa na alama za nyayo mbili kwenye ubao wa dari, zimeungua, vidole vimeelekea dirishani.

"Huyu hakupita mlangoni," alisema chinichini. "Ameingia kwa jicho la mtu. Ukimchungulia mwenzako bila idhini umetoboa njia, na njia haichagui wa kupita."

"Dawa yake nini?" mjane akauliza.

"Yangu ni ndogo. Aliyetoboa azibe kwa mdomo wake. Aseme yote mbele ya aliyemtazama. Akibakiza chembe, jini atakaa kwenye hiyo chembe."

"Nani wa kuchungulia huku?" mkewe akasema. "Ng'ambo hakuna kitu, ni kiwanja tu na..." Akageuza shingo taratibu, akamtazama mumewe, na mumewe akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilimtoka kama ya mgonjwa. "Nilikuwa narekebisha vioo. Nikalenga taa yako, shemeji. Nikaona... nikaona chumba. Mara moja."

Mjane alimkazia macho. "Mara moja tu, shemeji?"

Basi hapo ndipo palipokuwa pa kusema yote. Lile shati lilimjia, na jioni zote zile, na nyota alizozipa kisogo. Kuzisema kulikuwa ni kumwambia mwanamke huyu, mbele ya mkewe, kwamba hana tena upweke alioudhania ni wake.

"Mara moja tu."

Mjane akainamisha uso, kisha akauinua na kutabasamu. Fundi Miwani alilijua tabasamu lile. Lilikuwa lile la kioo, lile la kumfungulia mteja, ila leo aliliona limegeuka upande wake wa sawa, na likamkata kuliko tusi.

"Basi nimekusamehe," alisema. "Hata mimi ningekuwa na dude lile ningechungulia."

Gurudumu la cherehani likazunguka mara moja lenyewe, likasimama. Harufu ikatoweka, na zile nyayo darini zikafifia mbele ya macho yao. Mkewe aliangua kilio cha shukrani. Mganga peke yake hakufurahi. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha.

"Huku ametoka," alisema.

"Amekwenda wapi?" mkewe akauliza.

"Hilo mimi sijaulizwa," akajibu, akimtazama aliyemtengenezea macho.

Mwenye nyumba akalegea, wateja wakarudi mmoja mmoja. Fundi cherehani alijishonea pazia zito jeusi, na mabaki ya kitambaa kile akayashona mfuko wa kuifunika darubini, akamletea Fundi Miwani mwenyewe mkononi. "Nyigu wasije wakakusumbua tena, shemeji." Akaupokea kwa mikono miwili. Hakula usiku ule. Mkewe alimuuliza mara mbili kinachomsumbua, na mara mbili akasema kichwa.

Akaamua kuing'oa darubini. Alisukuma paa, akawasha kitaa chake chekundu, kile kisichoharibu macho ya kuona gizani, akachukua bisibisi. Nyota zilikuwa safi kuliko alivyopata kuziona. Na kabla hajalegeza skrubu ya kwanza akajiambia, nihakikishe tu kama mwenzangu amepona, hii ya mwisho, nikiona pazia nainua mikono.

Aliliona pazia. Liliziba dirisha zima, na kwa kuwa lilikuwa jeusi nyuma ya kioo, kioo cha dirisha kilikuwa kimegeuka kuwa cha kujitazamia, na ndani yake aliona kibanda kidogo cha mbao kimepinduka, na kitaa chekundu, na mwanamume ananing'inia miguu juu, jicho lake limegandamana na bomba, na nyuma ya mwanamume yule, begani kwake kabisa, mwanamke wa gauni la majivu amesimama wima, nyayo zake zimekanyaga pale ambapo paa lilikuwa wazi na hapakuwa na kitu ila mbingu.

Hakuthubutu kugeuka. Harufu ya nguo inayoungua ilimpanda puani, nywele baridi zikamgusa shingo kutoka juu, na sauti ikamnong'oneza sikioni, sauti ile ile ya mjane, pole na yenye adabu:

"Mara moja tu, shemeji?"