Vibao vya Kona ya Ujenzi

"Kaka, inua mguu."

Masele aliinua mguu kabla hata ya kuuliza kwa nini. Ndiyo nguvu ya sauti ya mwalimu wa darasa la awali: hata mbuzi huitii. Siku hiyo gulio la Katoro lilikuwa limefurika kiasi kwamba ukipiga chafya huku, anayefuta pua ni mtu mwingine kule. Na katikati ya pikipiki, madebe ya dagaa na spika za wauza dawa ya mende, dada wa watu, gauni la kitenge cha njano, mikono imetuna kama maandazi, ameinama mbele ya baa anaokota vizibo vya soda.

"Cha arobaini kilikuwa chini ya buti lako," Asteria alisema, akakitumbukiza mkobani.

"Unauza?"

"Wanangu wanahesabia. Ninao thelathini na wanane, na hakuna aliyefika miaka saba."

Masele akashika kiuno. "Thelathini na wanane! Mumeo anakula nini, mwalimu?"

Asteria alicheka mpaka mkoba ukamponyoka, vizibo vikatawanyika upya, wakaviokota wote wawili wakigongana vichwa. Ndipo akamweleza: anapanga kona za kujifunzia darasani kwake. Kona ya nyumbani anayo, vyungu na sahani. Kona ya duka ndiyo hiyo ya vizibo na makopo. Kona ya vitabu tayari. Kona ya ujenzi ndiyo imebaki tupu, maana hana vibao vya watoto kujengea.

"Umempata mtu wako," Masele alisema. "Mimi ni fundi wa matimba. Ile miti inayoshika kuta za mashimo ya dhahabu zisiwaangukie watu, mikono hii ndiyo inayoipanga. Vibao nakuletea."

"Bei?"

"Namba ya simu."

Juma halikuisha, akavileta. Sitini, vyeusi, laini kama sabuni iliyotumika, vizito kuliko umbo lake, vina harufu ya udongo wa chini. Asteria alipouliza ni mti gani, Masele alisema "mti wa zamani" na kugeukia kupigilia rafu ya vitabu. Tangu hapo simu zikawa hazipoi.

"Umekula, mwalimu?"

"Nimekula uji na watu thelathini na wanane. Wewe?"

"Mimi nimekula sauti yako."

"Basi leo utashinda njaa, nakata."

Hakati.

Sasa basi. Darasa lile lina bati bila dari. Saa sita mchana ungeweza kukaanga yai juu ya dawati. Lakini vile vibao vilikuwa baridi. Ukivishika unasisimka mpaka kwenye meno. Na watoto, ambao wiki ya kwanza walijenga magari, ghorofa na zizi la ng'ombe, wakaanza kujenga kitu kimoja tu: vibao vinne mraba, juu yake vinne, juu yake vinne, kama kisima. Walijenga bila kugombana na bila kusema neno. Mwenye kujua watoto wa miaka mitano ajue hapo pana jambo. Wakishamaliza, wanalala kifudifudi sakafuni, sikio moja chini.

"Mnasikiliza nini?"

"Anagonga," walijibu pamoja, kama wanaoimba herufi.

Katika kona ya nyumbani, Agnetha, binti mdogo kuliko wote, aliandaa chakula cha mchanga. Kila siku sahani moja ilibaki, amefunika na kawa.

"Hiyo ya nani, mama?"

"Ya baba Mwamvua. Hajala."

Darasani hapakuwa na Mwamvua. Lakini Asteria aliganda, na kilichomgandisha si mizimu, ni wivu. Jina lile alikuwa ameliona mara mbili kwenye simu ya Masele: *Mama Mwamvua*. Mara zote mbili Masele alitoka nje kupokea, akaongea kwa sauti ya mtu aliye mbele ya hakimu. Sasa kama kuna mama Mwamvua, baba Mwamvua ni nani? Mpaka watoto wanajua! Mapumziko yalipofika alipiga.

"Haloo, kipenzi cha..."

"Baba Mwamvua hajambo?"

Masele akashusha sauti: "Nani kakutajia jina hilo?"

"Watoto. Darasa zima linajua kuwa una mke, isipokuwa mwalimu."

"Asteria, watoto wamesemaje? Niambie neno kwa neno."

"Kamuulize mama Mwamvua."

Akakata, na safari hii alikata kweli. Kilichomuuma ni kwamba hakukana. Mwanaume anayesingiziwa hupiga kelele. Huyu aliuliza kama anayeogopa jibu. Siku tisa simu iliita, na siku tisa Asteria aliitazama ikiita.

Siku ya kumi, watoto walipokwishaondoka, aliamua kuvifungasha vibao avirudishe. Jua lilikuwa utosini. Uwanjani hapakuwa na upepo wala kuku. Alipokitia cha sitini ndani ya boksi na kulifunga, boksi likagonga.

Ko, ko, ko.

Asteria aliondoa mikono. Akangoja.

Ko, ko, ko.

Alipogeuka kukimbia, Masele alikuwa mlangoni, amevua kofia, vumbi la njiani mpaka kwenye kope. Naye alikuwa amesikia. Akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakafika kidevuni.

"Tatu," alisema. "Ndivyo tunavyogonga chini. Tatu maana yake ni niko hai."

"Nani yuko hai, Masele?"

"Hayuko. Alikuwa." Alijifuta uso kwa kofia. "Baba Mwamvua ni Adam, mwenzangu. Shimo lilikatika, likaporomoka, miaka mitatu iliyopita. Wenzetu walitoka, yeye akabaki. Mimi ndiye fundi, nikatangulia kusikiliza. Nikasikia tatu kwenye mti. Nikaangalia juu, ukuta unapumua, uko karibu kuanguka. Wakaniuliza, vipi? Nikasema, kimya. Tukaondoka. Kesho yake kulikuwa kimya kweli."



"Mwenye shimo alipolitelekeza, niling'oa matimba ya juu. Mti mgumu vile, uliwe na mchwa? Wazee walinionya kwamba miti ya shimo lililobaki na mtu haitolewi. Nikasema mti ni mti. Nikakuchongea vibao, nikajua watoto watavichangamsha. Mama Mwamvua hunipigia kila Ijumaa. Swali moja tu: alikufa palepale? Kila Ijumaa namwambia, palepale, shemeji."

Boksi lilikuwa limenyamaza, kama linalosikiliza.

"Sasa utaniacha," Masele alisema.

"Nilikuacha kwa ajili ya mwanamke, na lile lilikuwa jepesi. Hili si langu kusamehe." Asteria aliinama, akashika boksi upande mmoja. "Nyanyuka. Ukimwambia mama Mwamvua, utanikuta. Usipomwambia, futa namba yangu. Shika huko."

Walifika Nyarugusu, kwa mama Mwamvua, kabla ya alasiri. Mama Mwamvua alikuwa barazani anachoma vitumbua, kanga nyeusi imempauka mabegani.

"Karibu, shemeji. Leo si Ijumaa."

"Shemeji, nilikudanganya. Aligonga. Nilisikia, nikaogopa, nikasema kimya. Boksi hili lina mti wa shimo lake, na bado anagonga."

Mama Mwamvua aligeuza kitumbua. Akageuza cha pili. Hakuunguza hata kimoja.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa tisa inakaribia."

"Saa tisa," alirudia. "Nilikuwa ndani nakunja nguo za mtoto. Ukuta ukagonga. Nikatoka kuangalia, hakuna mtu. Ukagonga tena mpaka magharibi. Nikawaambia watu, wakanipeleka kwenye maombi, wakanipeleka kwa waganga, wakasema akili imeguswa. Miaka mitatu, Masele, nimejihesabu kichaa." Akaepua kikaango. "Kumbe nilisikia sawasawa."

Aliwanyang'anya boksi, akalivuta kando ya kigoda, akaliwekea kiganja kama anayepima homa ya mtoto.

"Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe. Lakini huyu nitamzika. Nendeni."

Wakatembea mpaka barabara kuu bila kugusana. Pikipiki mbili ziliwapigia honi, hawakuzisimamisha.

"Hakunisamehe," Masele alisema.

"Hakukusamehe."

"Jumapili nilitaka kuja kukuposa. Nimeshonesha mpaka shati."

"La rangi gani?"

"Samawati."

Asteria alimtazama kwa muda, jinsi anavyomtazama mtoto aliyekiri kuvunja kitu.

"Lipige pasi. Tutakwenda kwetu Shinyanga. Ila kabla hajatajwa ng'ombe hata mmoja, utamsimulia baba haya yote, na ile 'kimya' uiseme kwa mdomo wako."

"Atanifukuza, Asteria."

"Atakufukuza," alisema, akaushika mkono wake. "Nitakukuta stendi, turudi wote."