Waya Uliochomekwa Maabara

Siku za likizo, kabla hata ya kunywa chai, msichana huyu alikuwa ameshapanga viatu vya nyumba nzima mlangoni, jozi kwa jozi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakuweza kuona kitu kimekaa upande akakiacha. Ndiyo maana nyumbani walimtania kwa jina la Bibi Afya, kama yule ofisa anayepita sokoni kukagua usafi. Mwenyewe hakuuchukia utani huo, alijifanya tu kununa.

Aliishi na mama yake, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu, pamoja na mama yake mdogo, aliyekuwa akisoma chuo kikuu. Mama mdogo alisomea mitandao ya kompyuta, na siku zile za mitihani nyumba nzima ilisoma naye, ipende isipende. Akipiga pasi, anasoma. Akichambua mchele, anasoma.

"Kompyuta nazo zina adabu zao," alimwambia Bibi Afya asubuhi moja huku akikunja blauzi. "Moja haiivamii nyingine na kuanza kuimwagia habari. Kwanza inabisha hodi. Ya pili inajibu, 'Karibu, nimekusikia.' Ya kwanza inasema, 'Haya, naingia.' Hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Taratibu kama hizo ndizo tunazoziita itifaki."

"Na isiyo na adabu je?"

"Haisikilizwi. Kama wewe unapodakia maneno ya wakubwa."

Walicheka, lakini kicheko cha mama mdogo kilikatika upesi. Kesho yake alikuwa na mtihani wa vitendo, na mtihani huo ulikuwa umeshamwangusha mwaka uliopita. Hakuanguka kwa kutojua. Alianguka kwa woga. Mhadhiri alimuuliza swali moja tu, naye akadhani amekosea, akafuta kazi iliyokuwa sahihi. Sasa sheria ya chuo ilikuwa wazi: akianguka mara ya pili, anaondolewa kwenye kozi. Usiku ule hakula vizuri, na Bibi Afya alimsikia akigeukageuka kitandani.

Asubuhi mama aliitwa kazini ghafla, kwenye nyumba iliyokuwa upande wa pili wa mji. Hakukuwa na mtu wa kubaki na mtoto.

"Utakuja na mimi," mama mdogo alisema, akitafuta kitambulisho chake ambacho alikuwa amekivaa shingoni. "Ila nakuomba, mwanangu, usiniharibie. Leo sina moyo wa kubeba jambo lingine."

Maabara ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya zahanati ya chuo. Watahiniwa waliingia mmoja mmoja, wengine wakasubiri nje ukumbini. Mhadhiri wa somo alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye wanafunzi wote walimwita Daktari. Alimtazama Bibi Afya kuanzia viatu hadi nywele.

"Huyu naye anafanya mtihani?"

"Samahani sana, Daktari. Mama yake yuko kazini na sina pa kumwacha."

Daktari alifikiri kidogo. "Basi akae kule nyuma. Na asiguse kitu chochote. Umenisikia, binti?"

"Ndiyo, shikamoo," Bibi Afya alijibu kwa hofu, akichanganya jibu na salamu.

Alikaa kwenye kiti karibu na kabati la chuma lisilo na milango. Ndani ya kabati kulikuwa na swichi, kisanduku bapa chenye matundu mengi ya kuchomekea waya. Kila waya ulioingia pale ulitoka kwenye kompyuta fulani, na mmoja mnene ulishuka kupitia sakafuni kuunganisha maabara na jengo zima. Juu ya kila tundu kulikuwa na taa ndogo ya kijani iliyokonyeza taratibu.

Mbele, mama mdogo alifanya kazi. Alitakiwa kuunganisha kompyuta za meza mbili, kisha kuzifikisha kwenye mtandao wa jengo. Alianza kwa kutetemeka, lakini kadiri alivyoandika, vidole vilitulia. Kompyuta ya kwanza ikabisha hodi, ya pili ikaitikia. Daktari alitikisa kichwa kukubali. Zilibaki hatua chache tu.

Bibi Afya angekuwa ametulia kama alivyoagizwa, isipokuwa kulikuwa na waya mmoja wa bluu. Upande wake mmoja ulikuwa umechomekwa kwenye swichi. Upande wa pili ulining'inia hewani, ukigusa sakafu yenye vumbi. Aliutazama. Akatazama pembeni. Akautazama tena. Kwenye safu ya chini ya swichi hiyo hiyo, tundu moja lilikuwa wazi, kana kwamba linausubiri. Aliona aibu kuacha kitu kinaning'inia hivyo mbele ya macho yake. Akanyoosha mkono, akauchomeka. Ukalia *tak*, ukakaa sawasawa. Akarudi kukaa, ameridhika.

Taa za swichi, zilizokuwa zikikonyeza moja moja, ziliwaka zote kwa pamoja na kuanza kumetameta kwa kasi bila kupumzika.

Mwanzoni aliona zinapendeza. Kisha akasikia sauti ya mama mdogo. "Daktari, zilikuwa zinawasiliana sasa hivi tu. Mbona zimekatika?"

Daktari aliinama kwenye skrini. Akajaribu kompyuta nyingine, kimya. Akajaribu ile ya mezani kwake, kimya. Simu ya ukutani ikalia, na kabla hajaipokea, simu yake ya mkononi nayo ikaita. Nje ukumbini watu walianza kupiga kelele. Mlango ukafunguliwa kwa nguvu, akaingia muuguzi wa zahanati, anahema kwa kupanda ngazi.

"Jamani, mmefanya nini huku juu? Kompyuta zetu zote zimekufa! Nina mgonjwa kitandani, dawa zinazomdhuru ziko kwenye faili lake, na faili halifunguki. Siwezi kumchoma sindano kwa kubahatisha!"

Damu ilimsimama Bibi Afya. Alitazama waya wa bluu, akatazama taa zilizokuwa zikihangaika. Huenda si mimi, alijiambia. Waya ni waya tu. Nikisema, mama mdogo atafukuzwa kwa kuja na mtoto. Na huyo mgonjwa je? Akifa?

"Umeandika nini mara ya mwisho?" Daktari alimuuliza mama mdogo. Hakupandisha sauti, na hilo lilitisha zaidi.

"Mstari wa amri ya njia ya kutokea nje ya maabara, Daktari. Nadhani... nilidhani ni sahihi."

"Ulidhani?"

Bibi Afya alimwona mama yake mdogo akisinyaa pale pale kwenye kiti. "Labda nimekosea anwani," alinong'ona. "Naufuta, Daktari. Samahani. Naufuta."

Alikuwa anafuta. Alikuwa anafanya kile kile kilichomwangusha mwaka jana.

Wote watatu walikuwa wamempa Bibi Afya mgongo. Aliinuka, akaushika waya wa bluu na kuuchomoa. Wakati huohuo mama mdogo alibonyeza kitufe cha kufuta mstari wake. Taa zikatulia, zikarudi kukonyeza taratibu. Kutoka chini mtu aliita kwamba mtandao umerudi, na muuguzi akashuka ngazi mbiombio.

Bibi Afya alirudi kwenye kiti na kuvuta pumzi. Yamekwisha, alifikiri. Hakuna aliyeona.

"Basi kosa lilikuwa hapo," Daktari alisema. "Umefuta mstari, mtandao umerudi. Ule mstari wako ndio uliozima jengo zima." Alivua miwani, akaipangusa polepole. "Nasikitika. Siwezi kukupitisha."

Mama mdogo hakubisha. Alisema tu, "Ndiyo, Daktari," akaanza kukusanya kalamu zake. Bibi Afya alisubiri aseme neno lolote la kujitetea. Hakusema. Aliamini kabisa kwamba kosa ni lake.

Hapo ndipo hofu ya Bibi Afya ilipogeuka. Mpaka dakika ile alikuwa akiogopa kukamatwa. Sasa aliogopa kutokamatwa, kwa sababu alielewa kwamba akinyamaza hakuna mtu duniani atakayejua. Alipiga moyo konde.

"Ni mimi," alisema. Sauti haikutoka vizuri, ikabidi arudie. "Ni mimi, Daktari. Nilichomeka ule waya. Halafu nikauchomoa."

Mama mdogo aligeuka. Daktari alimtazama Bibi Afya, kisha akamtazama mama mdogo kwa jicho la mashaka.

"Binti, unampenda sana mama yako mdogo, si ndiyo? Lakini humsaidii kwa kudanganya."

"Sidanganyi."

"Umeambiwa na nani useme hivyo?"

"Sijaambiwa na mtu!" Machozi yalimlengalenga. "Ulisema nisiguse, nikagusa. Ulikuwa unaning'inia. Nikauchomeka hapa chini."

Daktari alienda kwenye kabati, akachomoa ule waya mnene uliokwenda kwenye jengo. "Sasa tukiharibu, tunaharibu humu ndani tu. Njoo. Fanya kama ulivyofanya."

Hakuna hatua ambazo Bibi Afya aliwahi kuziogopa kama zile za kutoka kwenye kiti hadi kwenye kabati. Je, kama taa hazitafanya kitu safari hii? Ataonekana mwongo, na mama mdogo ataonekana amemfundisha uongo. Mkono ulimtoka jasho hadi waya ukamteleza. Alikosa tundu mara ya kwanza. Mara ya pili ukalia *tak*.

Taa zote zilipagawa.

Mama mdogo alitupia jicho kwenye skrini na kushika kichwa. Kompyuta zake mbili zilikuwa zimenyamaza tena.

"Chomoa," Daktari alisema. Bibi Afya akachomoa, na kila kitu kikatulia. Daktari akapumua kwa nguvu. Safari hii alimgeukia mama mdogo. "Nieleze kilichotokea. Hilo ndilo swali lako la mwisho."

Mama mdogo alijikaza. Alizungumza polepole mwanzoni, kisha maneno yakaanza kutiririka. "Kompyuta ikimtafuta mwenzake, inauliza, 'Anwani hii ni ya nani?' Swichi inalipeleka swali hilo kwenye matundu yote. Sasa kama waya umetoka kwenye swichi na kurudi kwenye swichi ile ile, swali linatoka hapa na kuingia pale, swichi inadhani ni swali jipya, inalitangaza tena. Linazunguka bila kuisha, linazaa mengine, mpaka njia inajaa na hakuna anayesikilizana. Swichi mpya hujikinga na hali hii. Hii yetu ya mazoezi haina kinga hiyo."

"Na mstari wako?"

Mama mdogo alisita. Alitazama skrini, akaisoma, akaisoma tena. "Mstari wangu ulikuwa sahihi, Daktari."

"Una hakika au unadhani?"

"Nina hakika."

"Basi urudishe." Daktari aliuchomeka tena waya mnene. Mama mdogo akaandika mstari wake upya, na vidole havikutetemeka. Kompyuta zikasalimiana, kisha zikafika kwenye mtandao wa jengo bila shida. Daktari akaweka alama kwenye karatasi yake. "Umepita. Na kuuacha waya ule ukining'inia ni uzembe wangu mimi, hilo nalikubali. Lakini wewe, binti, shuka zahanati ukaombe radhi."

Walishuka pamoja. Muuguzi aliwaambia kwamba mgonjwa alichelewa kidogo kupata sindano yake, lakini yuko salama. Bibi Afya aliomba radhi huku akitazama vidole vyake vya miguu, na muuguzi akamwonya kwa ukali, kisha akamsamehe.

Nje, mama mdogo alitembea bila kusema neno. Ukimya wake ulimtia Bibi Afya hofu kuliko vyote vilivyopita siku ile. Mwishowe alishindwa kuvumilia.

"Mama mdogo, nilidhani nikiuchomoa tu, basi yameisha."

Mama mdogo alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwa zahanati yaliisha. Kwa Daktari yaliisha. Kwangu hayakuisha, mwanangu. Nilikuwa nimeshakubali kwamba sijui kitu. Ningeondoka chuoni na imani hiyo, nikazeeka nayo, na wewe ungekuwa unaniona kila siku mezani, unajua kwamba si kweli." Alimvuta karibu, akamshika mabega. "Ukiharibu, sema. Hata kama umeshatengeneza na hakuna aliyeona, bado sema. Kwa sababu mara nyingi kuna mtu anajilaumu kwa jambo ulilofanya wewe."

Bibi Afya aliangua kilio, na mama mdogo akalia naye, pale pale njiani, watu wakipita.