Marehemu Asiye wa Ukoo

"Shikuku! Baba mkwe, kama ni wewe, mwache mtoto anyonye!"

Mtoto akazidi kulia.

"Ayuma! Shangazi, kama ni wewe, shika titi!"

Kilio kikapanda mpaka kuku waliolala chini ya kitanda wakatoka mbio.

Mama Selpher alimrudisha mjukuu kwa mama yake, akajifuta jasho. Tangu jana asubuhi alikuwa akiwaita wafu wa ukoo mmoja mmoja. Desturi ni hiyo: mtoto mchanga akikataa titi na kulia bila kuugua, kuna marehemu anayetaka jina lake. Akitajwa mwenyewe, mtoto hunyamaza.

"Nesi wa hospitali ya Mukumu alisemaje?"

"Hana homa, Mama. Masikio mazima, tumbo zima," Navalayo akajibu. Maziwa yalikuwa yamelowesha kifua cha gauni lake.

"Na padri?"

"Anangoja jina, abatize Jumapili."

"Basi nisikilizeni. Mimi nimezaa tisa, najua mtoto wa njaa analianga aje. Huyu halii njaa. Na wa kwetu nimewamaliza wote, hata yule mwizi wa mbuzi nimemwita. Anayelia humu si wa ukoo wetu. Mmoja wenu anamjua."

Akachukua mtungi, akaenda kisimani.

Navalayo alibaki na mumewe. Mwalimu Protus alikuwa amesimama dirishani, chaki bado mkononi. Mkewe alilijua jina tangu kilio cha kwanza. Siku ya tatu baada ya kujifungua alimwota mwenye jina hilo, amesimama mlangoni na sanduku lake la bati, hasemi neno. Kumtaja kungekuwa kufungua kinywa juu ya jambo alilolimeza kwa miaka mitano.

"Protus, unaukumbuka mwaka wetu wa kwanza chuo cha ualimu?"

"Kwa nini unaniuliza hayo leo?"

"Tulivyowatekea maji wa mwaka wa pili. Sisi watatu. Wewe, mimi na..."

"Usimtaje!"

Navalayo akamtazama. Chaki ilikuwa imevunjika kiganjani mwa mumewe.

"Kumbe na wewe unamwota."

Protus alivuta kiti, akakaa.

"Aliwaambia, 'Waheshimiwa wa mwaka wa pili, maji haya nimeyapoza kwa mate yangu,'" akasema polepole.

"Tukachapwa wote."

"Yeye akawa anacheka huku anachapwa."

Wakatabasamu kidogo, wote wawili. Mtoto akapiga ukelele, tabasamu likafa.

"Nataka kukuambia kitu," Navalayo akasema. "Siku ile barua yangu ilipopatikana kwake, na mapenzi chuoni yalikuwa marufuku, mkuu wa chuo aliniita ofisini. Akaniuliza, 'Wewe binti, huyu kijana mnaandikiana?' Nikasema ananisumbua tu, mimi sina habari naye. Protus, nilikuwa nimemwandikia barua kumi na moja! Hiyo moja waliyoipata haikuwa na sahihi; wangelinganisha mwandiko, ningejulikana. Hawakulinganisha. Akafukuzwa peke yake."

Protus alikuwa akitazama sakafu.

"Aliniandikia mara moja tu baadaye," mkewe akaendelea. "Naijua kwa moyo. 'Navalayo, huku Lugari tunaangusha miti ya mzungu. Mikono imekuwa kama magome. Sikulaumu, ungefukuzwa bure na wewe. Niambie jambo moja tu: nani aliwaonyesha barua ilipokuwa?'"

"Ukamjibu?"

"Nimjibu nini? Nilikuwa sijui. Barua ilifika Jumanne. Alhamisi tukasikia mti umemwangukia."

Sauti ya mtoto ilikuwa imeanza kukauka.

"Ilikuwa ndani ya godoro lake," Protus akasema. "Upande wa ukutani, ameshona kwa uzi mweusi."

"Umejuaje?"

"Kitanda changu kilikuwa juu ya chake."

Navalayo akamvuta mtoto kifuani.

"Protus. Sema si wewe."

"Nilidhani atachapwa tu! Nilidhani mtaachana, basi. Nilikuwa nakupenda, Navalayo, na wewe ulikuwa humuoni mtu mwingine yeyote."

"Ukanipa leso yako nifute machozi! Ukanibembeleza, ukanioa, ukaniacha nijione mimi ndiye niliyemuua!"

"Ningekuambia lini? Siku ya harusi?"

"Siku yoyote! Ungechagua siku yoyote!"

Mlango ukasukumwa. Mama Selpher aliingia na mtungi kichwani, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Jina mmelipata?"

Protus akamgeukia mkewe. "Mtaje wewe. Alikupenda wewe."

"La," Navalayo akasema. Akamwekea mtoto mikononi. "Ulimtaja mara moja kwa mkuu wa chuo, na hukutetemeka. Mtaje sasa kwa mwanao."

Mtoto alikuwa mwepesi, midomo imekauka. Protus akainamisha kichwa, machozi yakimdondokea mtoto kwenye blanketi.

"Shitanda," akasema. "Kama ni wewe, ni mimi niliyekuuza. Nyonya."

Kilio kikakatika katikati. Mtoto akageuza uso, akatafuta, na Navalayo alipompokea alishika titi kwa nguvu mpaka mama yake akauma meno.

Mama Selpher akapiga vigelegele, kisha akanyamaza ghafla. "Shitanda wa nani?"

"Tulisoma naye, Mama," Navalayo akajibu.

Mama mkwe alipotoka kuwapa majirani habari, Protus akauliza kwa sauti ndogo:

"Utaniacha?"

Navalayo hakuinua macho kutoka kwa mtoto.

"Nikuache, halafu nani amlee huyu? Utamwamsha kila asubuhi kwa jina lake, Protus. Utamfundisha kusoma, utampeleka chuo. Na siku atakapokuuliza amerithi jina la nani, mimi nitakuwa nimeketi hapa hapa, nasikiliza unavyomjibu."